Damu Inapopita Nje ya Mwili

Kazi yangu huanza na maji. Kabla mgonjwa hajalazwa mezani, mirija ya mashine ya moyo na mapafu lazima ijazwe na hewa yote itolewe, maana povu dogo likifika kwenye ubongo laweza kumlemaza mtu maisha yake yote. Kwa mtu mzima, mirija hiyo pamoja na tangi na pafu la bandia hubeba kati ya lita moja na lita moja na nusu. Mwalimu wangu, mzee aliyejifunza kazi hii India enzi ambazo wagonjwa wetu wengi nao walipelekwa huko huko kupasuliwa, alikuwa na desturi ya kuinua mfuko wa maji na kuniuliza, "Binti, humu mna nini?" Nikijibu kwamba ni maji ya chumvi, haridhiki. Alitaka nimtajie sodiamu ni ngapi, kloraidi ngapi, potasiamu ipo au haipo, kisha nimweleze damu ya mgonjwa itakuwaje ikishachanganyika nayo. Hayo yote kabla hatujamwona mgonjwa.

Maji ya chumvi ya kawaida, yale ya dripu yanayopatikana kila zahanati, yana milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi katika kila lita. Damu ya mtu mwenye afya ina sodiamu kama 140 na kloraidi kama 100. Pengo lililo kati ya namba hizo mbili hujazwa kwa sehemu kubwa na bikaboneti, ambayo kazi yake ni kuzima asidi. Mwagia lita moja na nusu ya maji hayo kwenye damu ya mtu mwenye lita tano: kloraidi inapanda, bikaboneti inashuka, damu inakuwa na asidi ilhali mwili haujakosa oksijeni hata kidogo. Asiyejua chanzo ataiona asidi hiyo kwenye karatasi ya majibu na kudhani viungo vinakosa hewa. Ataongeza kasi ya pampu, ataagiza chupa ya damu, ataomba dawa, na chanzo bado kiko kwenye mfuko uliotumika asubuhi. Ndiyo maana wengi wetu hujazia maji ya Ringer yenye laktati, au yale yaliyotengenezwa yakaribiane zaidi na maji ya damu yenyewe. Nayo yana jambo lake. Laktati ya mfukoni hutokea kwenye kipimo cha kwanza, na kipimo hakiwezi kubagua laktati iliyotoka kiwandani na ile iliyotoka kwenye misuli inayoteseka.

Watu wakiingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza huvutiwa na pampu inavyozunguka na damu inavyokwenda nyeusi upande mmoja na kurudi nyekundu upande mwingine. Kusukuma damu ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti kile nyuma ya mashine, kilichonishughulisha ni kwamba mambo ambayo mapafu, figo na ini huyafanya usiku na mchana bila kuagizwa na mtu, sasa yanangoja uamuzi wa binadamu. Kiasi cha hewa ya ukaa kwenye damu ya mgonjwa ni uamuzi wangu. Joto lake ni uamuzi tunaoufanya pamoja. Potasiamu, kalsiamu, sukari, wingi wa maji, vyote vina mtu wa kuulizwa.

Historia yenyewe inalionyesha hili vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza. Daktari John Gibbon wa Philadelphia alihangaika na wazo la mashine hii kwa zaidi ya miaka ishirini, akisaidiana na mkewe Mary, hadi tarehe 6 Mei 1953 alipoziba tundu kwenye moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ikibeba kazi yote ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Msichana alipona. Wagonjwa wengine wa Gibbon hawakupona, akaiacha kazi hiyo. Mwaka uliofuata, huko Minnesota, Walton Lillehei akashika njia nyingine kabisa. Aliunganisha mishipa ya mtoto na mishipa ya mzazi wake aliyelala kwenye meza ya pembeni. Damu ya mtoto ikapita kwa baba, ikapata oksijeni kwenye mapafu ya baba, ikarudi. Wagonjwa 45 walipasuliwa hivyo, na 28 kati yao walitoka hospitali wakiwa hai, katika zama ambazo magonjwa yao hayakuwa na tiba nyingine.

Kila ninapowafundisha vijana, huwaambia wafikirie kwa nini njia ile ya kutisha, ambayo ingeweza kuwaua watu wawili kwa pasuo moja, ilifaulu kiasi kile. Baba alikuwa pafu, ni kweli. Lakini vilevile alikuwa figo ya kutoa potasiamu ya mtoto, ini la kuteketeza laktati yake, na tezi za kusawazisha sukari na kalsiamu. Asidi ya mtoto ilizimwa na mwili mkubwa uliokuwa mzima. Hakuna aliyekaa na kukokotoa. Mashine ilipochukua nafasi ya baba, ilichukua kazi mbili tu, kusukuma na kubadilisha hewa. Zile nyingine zilibaki bila mwenyewe.

Nianze na hewa. Pafu la bandia la siku hizi ni kifurushi cha nyuzi za plastiki zenye uwazi katikati, nyembamba mno, maelfu kwa maelfu. Gesi hupita ndani ya nyuzi, damu hupita nje yake. Kiwango cha oksijeni kwenye gesi hupandisha oksijeni ya damu, na kasi ya gesi inayopita huondoa hewa ya ukaa. Ni vishikizo viwili vidogo, na mtu aweza kujifunza kuvizungusha kwa siku moja. Ugumu huja tunapompoza mgonjwa. Tunampoza kwa sababu kila joto la mwili linaposhuka nyuzi kumi, mahitaji ya oksijeni hupungua kwa karibu nusu, na hapo ubongo hupata akiba ya dakika. Lakini gesi huyeyuka zaidi kwenye kimiminika cha baridi. Damu ileile ambayo kwa nyuzi 37 ina pH 7.40 na shinikizo la hewa ya ukaa la milimita 40, ukiipoza hadi nyuzi 28 bila kuongeza wala kupunguza kitu, itakuwa na pH ya karibu 7.53 na shinikizo la kama 27. Hakuna molekuli iliyotoka. Ni baridi tu.

Sasa uamue. Je, hiyo pH ya 7.53 ni kosa la kurekebishwa, au ni hali ya kawaida ya damu baridi? Kipimo hupasha sampuli joto hadi nyuzi 37 kabla ya kusoma, kwa hiyo chenyewe kitakuambia 7.40 na kukuacha na amani. Ukiamini namba hiyo, unaiacha damu ijiendee, na vimeng'enya vya mwili hubaki na uwiano wao wa chaji za umeme. Samaki na vyura, ambao joto la miili yao hufuata mazingira, ndivyo wanavyoishi. Ukiamini namba iliyosahihishwa kwa joto halisi la mgonjwa, unaongeza hewa ya ukaa hadi pH irudi 7.40 kwenye baridi ileile, jambo linalokaribiana na wanavyofanya wanyama wanaolala msimu wote wa baridi. Hewa ya ukaa hupanua mishipa ya ubongo. Damu nyingi zaidi huingia huko, ubongo hupoa sawasawa, na pia taka ndogondogo zinazosafiri kwenye damu hupata njia pana ya kuufikia. Kwa watu wazima, wengi wetu huchagua njia ya kwanza. Kwa watoto wachanga wanaopozwa sana, vituo vingi hupendelea ya pili. Mwalimu wangu aliniambia nisikae kwenye kiti kabla sijasema kwa sauti tunafuata njia ipi leo, ili daktari wa usingizi anayesoma karatasi ileile asije akarekebisha alichokifanya mwenzake. Hadi leo nasema kwa sauti.

Baridi na hewa nilivipenda tangu mwanzo kwa sababu vina hesabu safi. Potasiamu ni jambo jingine, nayo humtaka mtu awe macho muda wote.

Mara nyingi moyo haushonwi ukiwa unadunda. Tunausimamisha kwa potasiamu. Katika damu ya kawaida ipo kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Seli ya moyo hudunda kwa sababu potasiamu ni nyingi ndani yake na kidogo nje. Ukiijaza nje, tofauti hiyo hupungua, umeme wa seli hauwezi kujipanga upya, na moyo hulegea ukatulia. Denis Melrose alijaribu hivyo London mwaka 1955 kwa dawa kali ya potasiamu sitreti, na baadaye ikaonekana kwamba dawa kali namna ile huumiza msuli wa moyo. Kwa miaka mingi madaktari waliiogopa. Iliporudi miaka ya 1970, katika hospitali ya St Thomas' palepale London, ilirudi na kiwango cha 16 hivi, pamoja na magnesiamu na baridi. Kiwango kikawa ndicho tofauti kati ya kulaza na kuua. Na kila dozi tunayoupa moyo mwishowe huingia kwenye mzunguko wa mwili mzima. Figo zikifanya kazi, hutoka na mkojo. Zisipofanya, sisi ndio tunaoipunguza kwenye damu, kwa kichujio au kwa insulini na sukari, kabla hatujauomba moyo uanze tena.

Namkumbuka mtoto mmoja wa kike kutoka mikoa ya kusini, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Alikuwa na kilo saba. Mtoto wa kilo saba ana damu kama mililita 600, na mirija midogo kuliko yote tuliyokuwa nayo ilihitaji zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Tungejaza maji matupu, damu yake ingekuwa nyepesi mno kubeba oksijeni ya kumtosha, kwa hiyo tulilazimika kujazia damu ya benki. Baba yake, mvuvi, alikuwa ameleta ndugu kuchangia damu, na siku moja kabla ya upasuaji akaniuliza kwenye korido, kwa upole sana, "Dada, mkishamaliza, damu ya mwanangu itakuwa bado yake?" Mkewe akamjibu kabla yangu, kwamba ni kama mchuzi ulioongezwa maji, chungu ni kilekile. Nilimwambia mama yuko karibu na ukweli, ila kwamba kazi yangu ya kesho ni kuhakikisha hicho kinachoongezwa kinafanana na kilichomo.

Maana damu ya chupa haifanani. Ikikaa kwenye jokofu, chembe nyekundu huvujisha potasiamu taratibu, siku hadi siku. Sitreti iliyowekwa ili isigande huikamata kalsiamu. Sukari ya kuzilisha chembe iko juu, asidi imejikusanya. Nilipopima mchanganyiko ule kabla ya kumuunganisha mtoto, potasiamu ilikuwa kiwango ambacho, kikiingia kwa ghafla kwenye moyo wa kilo saba, kingeusimamisha kabla ya daktari kuutaka usimame. Kalsiamu ilikuwa haba. Basi tukaizungusha damu ile yenyewe kwa yenyewe kupitia kichujio, tukimwaga maji machafu na kuongeza masafi, tukaongeza bikaboneti na kalsiamu, tukapima tena, tukazungusha tena. Daktari mpasuaji alikuwa amekwisha kunawa. Alisubiri bila kusema neno, na heshima niliyo nayo kwake hadi leo ilianzia pale. Namba zilipofika zinapotakiwa, tukaanza. Tundu likazibwa, mtoto akarudi wodini siku chache baadaye, na baba yake akaniletea salamu kutoka kwa wale wote waliochangia.

Kwetu kuna hesabu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huipa aya moja tu. Sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani, na baadhi yao wana matatizo ya moyo, yakiwemo ya vali zilizoharibiwa na homa iliyofuatia mafindofindo. Vitu vinavyoifanya chembe yao ijikunje ni upungufu wa oksijeni, asidi na baridi, vitu vilevile ambavyo mashine inaweza kuvileta. Kwao hatupozi kama tunavyowapoza wengine, tunalinda pH kwa wivu, na mara nyingi sehemu kubwa ya damu yao hubadilishwa kwanza kwa damu ya watu wasio na ugonjwa huo. Kila mgonjwa apimwe kabla, hata yule anayesema hajawahi kuumwa.

Kisha heparini. Damu ikigusa plastiki hujihesabu kuwa imemwagika, na huanza kuganda. Bila heparini mashine nzima ingeziba kwa dakika chache. Tunampa mgonjwa yuniti 300 hadi 400 kwa kila kilo, na hatuanzi mpaka muda wa kuganda, ambao kwa kawaida hauzidi sana sekunde 120, upite 480. Dawa hii hutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Pwani kwetu, hilo si jambo la kufichwa. Mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akingoja kubadilishiwa vali aliniuliza waziwazi, nami nikamjibu waziwazi. Akaomba siku moja. Alikwenda kwa shehe wake, akarudi akasema ameambiwa kwamba uhai ni dharura, akatia saini. Nimewaona wenzangu wakikwepa swali hilo kwa kudhani wanamlinda mgonjwa na wasiwasi. Mtu anayeturuhusu kuitoa damu yake yote nje ya mwili wake ana haki ya kujua kinachotiwa humo. Mwishoni tunaizima heparini kwa protamini, protini ya samaki yenye chaji chanya inayoikumbatia heparini yenye chaji hasi. Hutolewa polepole, kwa kuwa ikiharakishwa shinikizo la damu laweza kuporomoka, na mapafu yakabana.

Hata heparini haiifanyi damu isahau kwamba imeguswa na kitu kigeni. Protini za kinga huamka, chembe nyeupe hujiandaa kwa vita visivyokuwepo, na mgonjwa aweza kuamka amevimba, ana homa, mapafu yana maji. Mirija ya kufyonzea damu kifuani nayo hupasua chembe nyekundu. Hemoglobini iliyo huru hunasa naitriki oksaidi inayolegeza mishipa, kisha hupaka mkojo rangi ya chai nzito. Nikiuona mkojo huo hupunguza kasi ya kufyonza kabla sijafanya jingine lolote.

Laktati nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kusoma. Namba moja ya laktati hainiambii mengi. Namba tatu za nusu saa kwa nusu saa huniambia karibu kila kitu. Ikiwa ilipanda mara tu baada ya kuanza kisha ikatulia, huenda ni maji ya Ringer. Ikiwa inapanda taratibu na damu inayorudi kutoka mwilini inazidi kuwa nyeusi, mwili haupewi oksijeni ya kutosha: pampu iko chini, au damu imekuwa nyepesi mno, kwa sababu kila gramu ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 tu za oksijeni na hakuna namna ya kuidai zaidi. Ikipanda pamoja na sukari wakati tunampasha mgonjwa joto, mara nyingi ni homoni za msukosuko na insulini isiyosikilizwa. Tiba za hali hizo tatu hazifanani hata kidogo, na kuitibu namba bila kujua ilikotoka ni kumtibu mtu asiyekuwepo.

Ndiyo maana kuna jambo linaloniuma kila ninapoliona. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikafuata mwaka 2015, na leo mikoa mingine na nchi jirani zinataka huduma hiyo karibu na watu wao. Wana haki ya kuitaka. Nimealikwa kuona vyumba vipya mahali ambapo mashine ya moyo na mapafu inang'aa, imezinduliwa kwa hotuba, na kipimo cha gesi za damu ni kimoja, cha kuazima kutoka wodi nyingine, na katriji zake zimekwisha au zimepita muda. Katika chumba kama hicho ningeweza kusukuma damu. Nisingeweza kujua nimeifanya nini.

Kwa hiyo wakiniuliza waanze na nini, huwaomba vipimo viwili vya gesi za damu, kimoja cha kufanya kazi na kingine cha kusubiri cha kwanza kiharibike. Katriji zilizolipiwa kwa mwaka mzima, zenye tarehe zinazokaguliwa. Benki ya damu inayoweza kutoa chupa changa kwa ajili ya watoto. Na fundi sanifu wa maabara aliyeajiriwa kwa zamu ya usiku. Hili la usiku hulirudia. Kifua kinapofungwa, maji tuliyomwongezea mgonjwa huanza kutoka, figo zikimwaga mkojo kwa wingi huondoka na potasiamu na magnesiamu, na moyo uliokuwa na potasiamu nyingi saa nane mchana waweza kuanza kuruka mapigo saa nane usiku kwa kuwa nayo kidogo. Saa hiyo mimi nimekwisha kuosha mashine na kwenda nyumbani. Aliyebaki ni muuguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, mwenye sindano ya sampuli mkononi, anayehitaji mtu wa kuipokea.